Katekista wa Handakini

Katekista wetu alikuwa akivua kofia mahali pawili tu: akiingia kanisani, na akipita chini ya Handakini. Msibani alikuwa nayo kichwani. Mbele ya wakubwa wa wilaya alikuwa nayo. Hata siku aliyokuja kunipa pole mume wangu alipofariki, aliingia nayo ndani, akakaa nayo, akala nayo ugali mpaka sahani ikaisha. Lakini akifika pale njia inapozunguka mguu wa kilima, kofia inatoka, inashikwa kifuani, na baiskeli inasukumwa kwa mkono mmoja mpaka kilima kiishe. Mvua inyeshe, jua liwake, hajali. Upara wake ulikuwa unang'aa kweli, na watoto wanaochunga mbuzi walikuwa wakimpigia kelele kutoka juu, "Katekista, zima taa!" Naye anajibu bila kuwaangalia, "Tutaonana Jumamosi." Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mafundisho, na siku hiyo masikio yao yalikuwa mali yake.

Asiyekijua kilima atauliza Handakini ni wapi. Ni huku kwetu Songwe. Unaiacha lami ya Zambia pale Mpemba, unashika njia ya Itumba, halafu nayo unaiacha. Naishia hapo. Milima huku ni mingi na yote inafanana, na jina Handakini ni letu sisi wa kijiji kimoja, halijaandikwa kwenye kibao chochote. Sababu ya kuishia hapo utaiona mwenyewe mbele ya safari, kama hutachoka na maneno yangu. Mimi nikianza huwa sikatizi, watu wa kilabuni kwangu wanajua.

Kilima chenyewe si kirefu. Kimezungukwa na shimo refu kama mfereji mpana, lililoota miiba, ng'ombe akiingia humo unaona pembe tu. Watu walichimba hilo shimo kwa majembe ya mkono wasipate kuingiliwa. Ukilivuka unakuta mawe yaliyopangwa, pengine yanafika kiunoni, pengine yamelala chini kama yamechoka. Ukitembea unasikia vigae vya vyungu vinavunjika chini ya mguu. Upande wa jua kuzama kuna lundo la mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki mtu akishayeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri, maana wenye mji huo walikuwa mafundi wa majembe na mikuki. Na ukifukua kidogo tu, popote, unakuta udongo mweusi. Ni majivu. Kilima chote kimelalia majivu.

Mji ule uliungua siku moja. Wangoni walipopanda kutoka kusini na ngao zao, waliukuta una watu, una ng'ombe, una maghala. Wakaruka handaki, wakatia moto, wakaswaga vijana na ng'ombe mbele yao, wakaenda zao Ufipa. Ndivyo wazee walivyosimulia. Waliobaki ndani walibaki ndani. Hakuna aliyerudi kuwazika, kwa sababu aliyekuwa na miguu alikimbilia Ileje milimani na hakugeuka.

"Wale hawakuzikwa," Katekista alikuwa akisema. "Wamefunikwa tu."

Neno hilo nimelisikia kwake mpaka nikawa nalisema usingizini. Alikuwa na haja moja kubwa, na haja hiyo si ajabu kwa mtu mwenye moyo: alitaka wale watu wasifukuliwe. Basi. Hakutaka pajengwe kitu, hakutaka watalii, hakutaka jina lake. Alisema kilima ndicho kaburi lao pekee, na kaburi halichimbwi mara mbili. Nisikufiche, haja yake haikutimia. Kilima siku hizi kimetobolewa kila upande kama kitambaa kilicholiwa na panya. Na mtu aliyeleta majembe pale ni yeye mwenyewe Katekista, kwa mdomo wake, akidhani anayafukuza.

Lakini ngoja nimseme kwanza alivyokuwa.

Mimi ninapika kimpumu. Wasio wa huku nawaeleza: ni pombe ya ulezi, inakaa chunguni, unamimina maji ya moto, watu wanazunguka kila mmoja na mrija wake, wanavuta, unaongeza maji, wanavuta tena, mpaka ladha iishe na maneno yaishe. Katekista alikuwa na mrija wake mwenyewe. Aliuweka mfukoni mwa shati, pamoja na rozari, na mara nyingi vilikuwa vinasukana, akitaka kuvuta pombe inatoka Salamu Maria kwanza. Akiingia alikuwa anakohoa mlangoni kwa sauti, ili walevi wapate nafasi ya kunyoosha migongo.

"Mama, tumbo linanisumbua leo," ananiambia.

"Tumbo hilo hilo la juzi, Katekista?"

"Ni lile lile. Halisikii dawa nyingine."

Alikuwa mkali kwa watoto, sitaki kumpamba. Mtoto akikosea amri ya nne, sikio linavutwa mpaka anaitaja zote kumi na za kwake mbili. Na mtu huyo huyo, redio ikitangaza vifo, anakaa analia machozi kwa watu wa Lindi na Kigoma ambao hajapata kuwaona. Alikuwa bahili wa chumvi, mkewe alikuwa anakuja kuomba kwangu kwa siri. Lakini msiba ukitokea kwa mtu asiye na ndugu, jeneza linatoka kwake, mbao zake, misumari yake, na anakasirika ukimshukuru. Alisema watu wasichukue jiwe hata moja Handakini, na mafiga matatu ya jikoni kwake yalikuwa ya Handakini, kila mtu alijua. Siku moja nilimuuliza.

"Niliyakuta hapa nilipohamia," akasema.

"Yalitembea yenyewe?"

"Mama, we pika pombe."

Wakati fulani walikuja wasomi kutoka chuo huko mjini, na kamba na brashi ndogo kama za kupaka rangi kucha. Walichimba kashimo ka mraba, kasafi, unaweza kulalia. Katekista alikaa ukingoni siku zote hizo, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri mgonjwa wake atoke chumba cha upasuaji. Walimwonyesha kila kitu. Walimwambia mji ule ulikuwa mzee kuliko alivyodhani, watu walikaa pale vizazi na vizazi kabla ya moto. Wakakuta mifupa ya mkono, wakaiacha ilipo, wakaifunika vizuri, wakamwambia hapo kwa leo tumeishia, tutarudi na wenzetu wengi zaidi na panatakiwa patunzwe. Walikuwa waungwana. Hawakurudi. Mimi siwalaumu, pengine nao kuna mtu aliyewaambia watarudi.

Katika yale waliyofukua, walimwachia punje kidogo za ulezi ulioungua, nyeusi kama baruti. Akaziweka kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, akaja nalo kwangu akilishika kwa mikono miwili.

"Mama, hizi ni zenu wapishi. Zitazame."

Nikazimwaga kiganjani. Nikazisogeza mlangoni kwenye mwanga. Jicho langu lilikuwa bado zima siku hizo. Baadhi ya punje niliona zina kimkia, ule mchipuko unaotoka ukiuloweka ulezi na kuufunika upate kuwa kimea.

"Hiki ni kimea," nikamwambia. "Walikuwa wanapika pombe."

"Si mchwa wamezila?"

"Mchwa hawaachi mkia. Au labda ni macho yangu, lakini naona kimea. Walilowesha ulezi, wakauanika. Bado siku chache tu wakoroge."

Akazitazama kiganjani mwangu. Kisha akauliza, "Mtu anapika pombe ya nini?"

"Hapikii tumbo lake, hiyo ni kazi nyingi mno. Anapikia wageni. Walikuwa wanangoja wageni."

Katekista akazirudisha punje moja moja kwenye kopo, akafunga kifuniko.

"Wakaja," akasema.

Hakunywa siku hiyo.

Sasa nimseme mtani wake. Alikuwapo fundi uashi mmoja Mngoni, mtu wa Songea, aliyeletwa na kazi Mpemba akaoa huku na kubaki. Mngoni kwetu ni mtani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana na wewe una ruhusa ya kumnyang'anya kuku, hakuna kesi. Hao wawili walikaa chungu kimoja kila wiki, na ungesikia maneno ungedhani watauana.

"Jamani ficheni viberiti," Katekista anasema akimwona anaingia. "Mngoni amefika."

"Babu zangu walipita tu kuomba moto wa tumbaku," anasema fundi.

"Wakausahau juu ya paa."

"Si mlikuwa mmejificha ndani ya shimo kama fuko! Mtu akikuta fuko anafanyaje? Anatia moshi."

Watu wanacheka mpaka mirija inatoka chunguni. Lakini niliwahi kumwona yule fundi Mngoni akipita chini ya kilima peke yake, akadhani hakuna mtu, na yeye akavua kofia. Sikumwambia Katekista. Sasa nasema.

Haya, tuje kwenye nyoka.

Watu walianza kujenga nyumba za tofali na kila msingi unataka mawe. Mawe yaliyo karibu, yaliyokwisha kupangwa, yako wapi? Handakini. Mikokoteni ya ng'ombe ikaanza kupanda. Katekista alihubiri, akapiga magoti kwa Mwenyekiti wa kijiji, akasimama mbele ya ng'ombe. Wakampita pembeni. Ufufuko wa wafu walikuwa wanauamini, ila nyumba walikuwa wanaitaka kabla yake.

Basi siku moja akaja kilabuni kwangu watu wamejaa. Akavuta pombe kimya. Kisha akaniinamia akanong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa wa mtu aliyezoea kusoma masomo bila kipaza sauti.

"Mama, nimemwona nyoka Handakini. Ana upanga kichwani kama jogoo. Na amewika."

Mirija yote ikatoka midomoni. Nyoka huyo mwenye upanga wa jogoo kila mtu wa milima hii amesimuliwa na bibi yake. Anawika, na ukimsikia juu ya kichwa chako umekwisha. Nilimtazama Katekista, mtu aliyetukataza kuogopa bundi, aliyekata hirizi shingoni kwa watoto wa watu na kuzitupa chooni. Walipotoka nikamshika shati.

"Wewe huogopi Mungu?"

"Ni kwa muda mfupi tu, mama. Mpaka wale wa chuo warudi."

Na ikafanya kazi! Mikokoteni iliteremka na haikupanda tena. Katekista alinenepa shavu. Alipita chini ya kilima kofia kifuani, akipiga mluzi wa nyimbo za Pasaka wakati tuko Kwaresima. Ningeweza kusema alikuwa na furaha, na nadhani ndiyo mara ya mwisho.

Kosa lake lilikuwa hili, na ni kosa ambalo mgeni asingelifanya, mgeni asingejua hata kuanza. Alisahau kwamba huku kwetu nyoka wa namna hiyo hakai mahali pasipo na kitu. Ukisema pana nyoka anayelinda, umesema pana kinacholindwa. Maneno yalishuka Mpemba, yakapanda pikipiki, yakafika Tunduma kwenye foleni ya malori, yakafika Galula kwa vijana wa machimbo ya dhahabu, na kila yalipofika yaliongezwa. Yaliporudi kwetu nyoka alikuwa amelalia masanduku ya Mjerumani, yana sarafu za rupia na zebaki nyekundu, ambayo watu waliitaja kwa kuangalia nyuma kwanza. Mjerumani mwenyewe hakuwahi kukanyaga kilima kile. Nani anasikiliza?

Vijana wakaja na pikipiki, na sururu, na mganga mwenye shuka nyekundu, na mashine ya kupimia, ile yenye sahani mwisho wa fimbo, inalia ikinusa chuma. Kijana akaiwasha akaisogeza chini. Ikalia. Akasogea hatua, ikalia. Kila mahali inalia, kwa sababu kila mahali kuna mavi ya chuma, hata katikati ya njia. Vijana walikumbatiana. Mmoja alilia.

Katekista akawaokotea bonge, akawaonyesha. "Wanangu, ni hiki. Ni uchafu wa mafundi wa zamani. Hakuna kitu."

"Shikamoo baba," wakamwambia kwa heshima zote. "Tumekusikia."

Wakaendelea kuchimba.

Kikaitishwa kikao cha kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa utani, hata mambo mazito aliyafanya mepesi, ndiyo sababu tulimchagua. Katekista akasimama, akaeleza ya mavi ya chuma, ya mifupa, ya watu waliofunikwa. Akamaliza. Mwenyekiti akajikuna kidevu.

"Katekista, tunakuheshimu. Ila wewe mwenyewe ndiye uliyemwona nyoka. Au siyo?"

"Ndiyo, nilisema."

"Sasa tueleze. Nyoka mzima, na upanga wake kichwani, analinda mavi?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaangukia mtoto wake. Katekista alisubiri wamalize. Kisha alifanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu wa kanisa akilifanya mbele za watu. Alisema, "Nilidanganya. Hakuna nyoka. Nilitaka msichukue mawe. Nimetenda dhambi na ninawaomba radhi."

Kicheko kikakatika. Nikafikiri sasa wameamini. Nikamsikia mzee mmoja nyuma yangu anamwambia mwenzake polepole, "Umeona? Sasa anaficha."

Toka siku hiyo hapakuwa na neno ambalo Katekista angeweza kulisema. Akisema pana kitu, pana kitu. Akisema hapana, pana kitu kikubwa.

Alikwenda kwa Padre parokiani, akamwomba aje awaombee wafu wa Handakini na kupabariki, ili watu wapate kuogopa kwa njia ya halali. Padre alikuwa kijana mwema. Alimwambia, "Katekista, Mungu anawajua wale wote." Akajibu, "Anawajua, Padre. Wachimbaji ndio hawawajui." Akaruhusiwa kusimika msalaba.

Na msalaba nani aujenge? Mtani wake. Fundi Mngoni alikuja na saruji yake mwenyewe na mwiko wake, akakataa kulipwa. "Babu alibomoa, mjukuu anajenga," akasema, "ukoo wetu hatukosi kazi." Siku hiyo hawakutukanana sana. Nilipeleka chungu kule juu. Msalaba ukasimama, mrefu, mweupe, mzuri kwa kweli, na Katekista akasali rozari nzima, na Mngoni ameshika mwiko kama mshumaa.

Wachimbaji walipouona walisema neno moja: "Alama."

Maana nao wana elimu yao. Wanasema Mjerumani akizika mali huweka msalaba juu, na mtu anayejua mahali huweka alama asipotee. Walichimba mguu wa msalaba kuliko mahali pengine popote. Ukaegemea, ukalala, ukakatika. Chini yake kulikuwa na ule mkono waliouacha wasomi, na mwenye mkono, na wengine pembeni yake, wadogo. Mifupa ilitupwa juu ya ukingo pamoja na udongo. Mbwa walikuja. Fundi Mngoni alipouona msalaba ulivyolala, alikusanya zana zake, akaja kuniaga, akasema, "Mama, sisi mikono yetu kwenye mji ule ina nini?" Akarudi Songea na mkewe. Sikumwona tena.

Nafikiri hapo ndipo Katekista alipoacha kulala na kuanza kukonda. Alichukua kiroba, akapanda kilima mchana kweupe, akaokota mifupa. Alichimba pembeni ya kanisa akaizika, akasali. Alitazamwa. Siku chache baadaye pembeni ya kanisa palikuwa na shimo, ukuta umepata ufa, na mifupa imemwagwa kwenye nyasi. Walidhani amehamisha. Akaiokota tena, akaizika shambani kwake, kwenye migomba. Migomba ikang'olewa. Alimkamata kijana mmoja, mwanafunzi wake wa zamani wa Jumamosi, akamwuliza, "Mwanangu, mifupa hii umeiona kwa macho yako, unatafuta nini chini yake?" Kijana akamjibu taratibu, kwa upole kabisa, "Baba, mtu hahangaiki hivi kwa ajili ya mifupa."

Hilo lilimmaliza. Alilirudia kwangu chunguni kama mtu anayeonja kitu kichungu akitafuta kimetengenezwa na nini.

Mara ya mwisho alipoiokota mimi sikuwepo, nilikuwa Itumba kwa dada yangu aliyekuwa anaumwa. Niliporudi nilisikia tu kwamba Katekista amepita na kiroba na safari hii hakuna aliyeona alikokwenda. Padre alimwomba apumzike kazi, ufa wa ukuta ule ulikuwa umewachosha waumini. Binti yake akaja kumchukua, akamhamishia Tunduma, nyumba iliyo karibu na mpaka, malori yananguruma mbele ya dirisha wiki nzima yakisubiri kuvuka.

Amekwisha kufariki sasa. Amezikwa huko huko Tunduma, na binti yake amemwaga zege nene juu ya kaburi, nene kuliko desturi. Watu wanauliza kwa nini nene hivyo.

Lakini kabla ya hapo nilionana naye, na ndiyo niliyotaka kusema tangu mwanzo.

Alikuja kwa msiba wa shemeji yake. Nilimkuta ameshuka pale njia inapoachana, kafimbo mkononi, suti imemlegea, kofia ile ile. Tukaongozana kwa miguu, mimi nikipunguza mwendo. Tukakikaribia kilima. Nilijua sasa atavua, na pale juu vijana walikuwa wamekaa kwenye vifusi na pikipiki zao, wanatutazama.

Mkono wake ukapanda mpaka kwenye kofia. Ukaishika. Ukaikandamiza kichwani, ikashuka mpaka karibu na nyusi.

"Mwaka huu maharage vipi, mama?" akasema kwa sauti kubwa. "Yametoka?"

"Yametoka kiasi," nikasema. "Mvua ilikata."

"Huko Tunduma Wazambia wanayanunua yote. Yote kabisa!"

"Shikamoo Katekista!" kijana mmoja akaita. "Leo hujaja kutuonyesha?"

"Marahaba, mwanangu. Nikuonyeshe nini? Mimi napita tu."

"Usigeuke," akaniambia chini chini. "Tembea."

Sikugeuka. Tulikizunguka kilima chote tukizungumza maharage. Tulipokipita nikamwuliza ile mifupa ya mwisho aliipeleka wapi.

"Mifupa gani, mama?"

"Katekista, ni mimi."

Akatembea kidogo. "Nikisema, wanachimba. Nikinyamaza ghafla, wanachimba. Nikivua kofia wanachimba niliposimama. Hata kuwaombea siku hizi nawaombea nikiwa nimeelekea Zambia, ili binti yangu asijue ni upande gani." Kisha akasema, "Hakuna kilichobaki pale juu, najua. Usinione mjinga. Najua."

Tukafika kwangu. Nikaweka chungu, nikamimina maji. Akatoa mrija wake mfukoni. Na hapo, ndani ya kibanda changu cha pombe, mahali alipokaa miaka yote bila kuivua, akaitoa kofia. Akaishika kifuani. Alikuwa amekaa ameelekea nyuma ya jiko langu, pale ninapomwaga machicha ya pombe, na alikaa hivyo mpaka chungu kikaisha ladha.

Ndipo nikakumbuka nilivyorudi kutoka Itumba nikakuta pale nyuma pamesawazishwa vizuri, na machicha yametandazwa juu yake na mtu asiyejua kutandaza machicha. Nilidhani ni kuku.

Sikumwuliza. Yeye hakusema. Alipoondoka alivaa kofia yake mlangoni.

Tangu siku hiyo pale nyuma sipandi hata mchicha. Maji ya mvua yananiingilia jikoni na sichimbi mtaro. Sasa mwanangu amerudi kutoka Tunduma na akiba yake, anataka kunijengea nyumba ya tofali, na anataka msingi uanzie pale pale nyuma ya jiko, ndipo penye tambarare. Nimemwambia hapana. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia hapana tu. Ameuliza tena nikamgombeza, na mimi si mtu wa kugombeza.

Jana alikuwa anaongea na mkewe upande wa pili wa ukuta, akidhani nimesinzia. Nilimsikia anasema, "Mama anaficha kitu pale."